Umeme, chumvi na maji: Dawa ya kweli na hila ya rangi ya kutu

Ukiingia katika duka lolote la rejareja humu nchini hutakosa kuona chupa ya dawa ya kung'arisha nguo, ile ambayo wengi wetu huiita Jik hata ikiwa imetengenezwa na kampuni nyingine. Na ukipita katika baadhi ya saluni na vyumba vya tiba mbadala mijini, utakuta beseni la maji lililounganishwa na umeme. Mteja hutumbukiza miguu humo kwa muda wa nusu saa hivi ili, kwa mujibu wa tangazo lililobandikwa ukutani, sumu itoke mwilini mwake.

Vitu hivi viwili havionekani kuwa na uhusiano wowote. Hata hivyo, nyuma ya vyote viwili kuna kitendo kimoja cha kikemia kiitwacho elektrolisisi. Kimoja huokoa maisha ya watu kipindupindu kinapozuka. Kingine hubadilisha rangi ya maji na kumwacha mteja na mfuko mwepesi, tena akiamini kwamba ametibiwa.

Ili kuweza kutenganisha dawa na hila, ni vyema kuelewa umeme hufanya nini unapopita ndani ya maji. Si jambo gumu. Wanafunzi wa shule za upili hulisoma katika somo la kemia, ingawa wengi huliacha darasani wamalizapo mtihani.

ELEKTROLISISI NI NINI?

Elektrolisisi ni kule kuchanganua kitu kwa nguvu za umeme. Mambo matatu yanahitajika.

Kwanza, ni lazima uwepo umeme unaokwenda upande mmoja tu, kama ule wa betri ya tochi au ya gari. Umeme wa nyumbani hubadilisha mwelekeo wake mara nyingi kwa kila sekunde, kwa hivyo sharti upitishwe kwanza kwenye kifaa cha kuufanya uelekee upande mmoja.

Pili, kunahitajika vijiti viwili vya kupitishia umeme, ambavyo huitwa elektrodi. Kile kilichounganishwa na upande chanya wa betri ni anodi, na kile cha upande hasi ni kathodi.

Tatu, kunahitajika kiowevu chenye chembechembe zilizobeba chaji ya umeme. Chembechembe hizi huitwa ioni. Chumvi ya mezani, mathalani, imeundwa kwa sodiamu na klorini. Ikiyeyuka majini, ioni zake huachana: zile za sodiamu huwa na chaji chanya na zile za kloridi huwa na chaji hasi. Umeme ukiwashwa, zile chanya huvutwa kwenye kathodi na zile hasi huvutwa kwenye anodi. Maji safi kabisa, yasiyo na chumvi wala madini yoyote, hupitisha umeme kidogo mno. Tulikumbuke jambo hili, kwa sababu ndiko hila moja ilikojificha.

Katika maji ya chumvi, ioni za kloridi zikifika kwenye anodi hupokonywa elektroni na kugeuka kuwa gesi ya klorini, yenye harufu kali inayochoma pua. Kwenye kathodi, sodiamu haitoki. Maji yenyewe ndiyo yanayovunjika, mapovu ya gesi ya haidrojeni yakapanda juu, na ndani ya maji ikabaki sodiamu haidroksaidi, ile magadi kali ambayo hutumiwa kutengenezea sabuni.

Kuna kanuni moja hapa ambayo msomaji anafaa kuishika. Kila kinachotokea kwenye elektrodi kimetoka katika kiowevu au katika elektrodi zenyewe. Umeme hauumbi kitu kutoka pasipokuwa na kitu. Huvunja vilivyopo na kuvipanga upya. Kwa hivyo, ukitaka kujua kitakachotoka, tazama kwanza kilichotiwa.

WALIOANZA

Mwaka 1800, Mitaliano Alessandro Volta alitangaza betri yake ya kwanza, iliyotengenezwa kwa visahani vya madini vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Mwaka huo huo, Waingereza William Nicholson na Anthony Carlisle walichovya nyaya za betri ya aina hiyo ndani ya maji na kuona mapovu. Carlisle alikuwa daktari wa upasuaji. Upande mmoja ilitoka haidrojeni na upande wa pili oksijeni, na ujazo wa haidrojeni ulikuwa mara mbili ya ule wa oksijeni. Hivyo ikadhihirika kwamba maji yanaweza kuvunjwa kwa umeme.

Mwaka 1807, Humphry Davy, naye wa Uingereza, alitumia umeme kupata potasiamu na sodiamu, madini ambayo hayakuwa yamewahi kuonekana yakiwa peke yake. Mwaka uliofuata akapata kalsiamu na magnesiamu. Michael Faraday, aliyekuwa msaidizi wa Davy, ndiye aliyeonyesha katika miaka ya 1833 na 1834 kwamba kiasi cha kitu kinachotolewa hutegemea kiasi cha umeme kilichopita. Umeme ukiongezwa mara mbili, kinachotoka nacho huongezeka mara mbili. Kwa hesabu ya Faraday, umeme wa ampea moja ukipita kwa saa moja katika maji ya chumvi hauwezi kutoa zaidi ya gramu 1.3 hivi za klorini. Hesabu hiyo ndiyo inayowawezesha mafundi kujua mtambo wao utatoa dawa kiasi gani, bila kubahatisha.

KATIKA VIWANDA NA HOSPITALI

Matunda ya elektrolisisi yamo katika kila nyumba. Sufuria unayopikia ugali imetengenezwa kwa alumini, na alumini hutolewa katika udongo wake kwa umeme. Njia hiyo iligunduliwa mwaka 1886 na watu wawili waliokuwa mbalimbali, Charles Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa. Shaba ya nyaya za stima husafishwa kwa njia ya elektrolisisi, na mfereji unaong'aa kama kioo umepakwa kromiamu kwa njia iyo hiyo.

Aidha, klorini inayotokana na maji ya chumvi hutumika kutengeneza plastiki ya PVC. Plastiki hiyo ndiyo ya mabomba mengi ya maji, na ndiyo ya mifuko mingi ya damu inayoning'inizwa kando ya kitanda cha mgonjwa.

Sekta hii imekuwa na madhara yake pia. Baadhi ya viwanda vya klorini vilitumia zebaki kama kathodi, na zebaki ni sumu inayoharibu ubongo na mishipa ya fahamu. Mkataba wa kimataifa wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013, uliweka mwaka 2025 kuwa mwisho wa matumizi hayo. Viwanda vya kisasa hutenganisha pande mbili za mtambo kwa utando maalumu usiohitaji zebaki.

Hata mwili wa binadamu umefanyiwa elektrolisisi. Mwaka 1875, daktari wa macho Charles Michel wa St. Louis, Marekani, alieleza jinsi alivyong'oa kope zilizoota kuelekea ndani na kukwaruza jicho. Alichomeka sindano nyembamba iliyounganishwa na betri kwenye shina la kope. Kwa kuwa majimaji ya mwilini yana chumvi, magadi kali kidogo hutokea kwenye ncha ya sindano na kuua shina la unywele. Njia hiyo hutumika hadi leo kuondoa nywele zisizotakiwa usoni. Lakini wanaosumbuliwa na kope zilizopinda kwa sababu ya trakoma, ugonjwa unaojulikana sana katika maeneo kame kama Turkana, hutibiwa hasa kwa upasuaji mdogo wa ukope. Wasikubali kuchomwa sindano na mtu asiye na ujuzi.

DAWA YA MAJI

Sasa tuje kwenye ile chupa ya dukani. Klorini na magadi kali vikiachwa vichanganyike katika chombo kimoja, huungana na kufanya sodiamu haipokloraiti. Hiyo ndiyo dawa iliyomo katika chupa ya kung'arisha nguo na katika chupa ndogo za kutibu maji ya kunywa. Ikiwa majini, dawa hii hutoa asidi ambayo hupenya ndani ya seli ya bakteria na kuiharibu. Kijidudu cha kipindupindu ni miongoni mwa vile vinavyokufa upesi.

Nguvu za klorini zilijulikana kabla ya vijidudu kueleweka. Mwaka 1847, Daktari Ignaz Semmelweis aliwaamuru madaktari wa wadi ya uzazi mjini Vienna kuosha mikono kwa maji ya klorini kabla ya kuwagusa wanawake, na vifo vya akina mama vikapungua sana. Kuanzia miaka ya 1890 klorini ilianza kutengenezwa viwandani kwa umeme, ikapatikana kwa wingi. Mwaka 1908, Jersey City ikawa ya kwanza miongoni mwa miji ya Marekani kutia klorini katika maji yake ya mfereji kila siku.

Hapa kwetu kipindupindu kimejulikana tangu mwaka 1971, nacho hurudi mara kwa mara. Mlipuko ulioanza Oktoba 2022 ulienea katika kaunti nyingi na kuwafanya maelfu ya watu kuugua. Wakati kama huo zahanati huhitaji klorini kila siku, ya maji ya kunywa, ya kuosha mikono, ya kupangusa vitanda na ya kumwagia matapishi. Barabara ikikatwa na mafuriko, chupa za dawa haziwezi kufika.

Ndiyo sababu mitambo midogo ya elektrolisisi imekuwa ya manufaa makubwa. Mmoja wao ni ule uitwao WATA, uliobuniwa na shirika la Antenna la mjini Geneva, Uswisi, na ambao umetumika katika nchi kadhaa za Afrika. Gramu 25 za chumvi hutiwa katika kila lita moja ya maji, umeme hupitishwa kwa saa chache, na dawa inayopatikana huwa na gramu 6 hivi za klorini kwa lita. Umeme unaweza kutoka kwa betri ya gari au paneli ya jua. Chumvi nayo tunayo, kwani mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni katika kaunti ya Kilifi hukausha maji ya bahari kwa jua.

Lakini msomaji asijaribu kuitengeneza dawa hii nyumbani kwa betri na misumari. Mitambo halisi ina elektrodi za titaniamu zilizopakwa madini yasiyoliwa na klorini. Ukitumia kijiko au chuma cha pua kama anodi, chuma hicho kitalika na kumwaga kromiamu na nikeli ndani ya maji, na kuna aina ya kromiamu inayoweza kusababisha saratani. Fauka ya hayo, haidrojeni inayotoka yaweza kulipuka ikikaribia moto, na gesi ya klorini huunguza mapafu.

JINSI YA KUITUMIA

Kwa maji ya kunywa, tumia dawa iliyoandikwa kuwa ni ya maji ya kunywa, na ufuate kipimo kilicho kwenye chupa. Usitumie bliichi yenye manukato. Maji yakiwa na tope, yachuje kwanza kwa kitambaa safi au uyaache yatulie, kwa sababu uchafu humaliza nguvu ya klorini. Ukishatia dawa, koroga, funika, na usubiri dakika 30 kabla ya kunywa. Harufu hafifu ya klorini ni ishara kwamba bado kuna dawa ya kuyalinda maji hayo mtungini. Asiyekuwa na dawa na achemshe maji.

Katika kusafisha mahali palipomwagika damu au matapishi, hospitali hutumia klorini ya asilimia 0.5, ambayo huua hata virusi vya Ukimwi na vya Ebola. Ikiwa dawa uliyo nayo ni ya asilimia 5, changanya sehemu moja ya dawa na sehemu 9 za maji. Soma nguvu ya dawa kwenye chupa kabla ya kupima, kwa maana chupa zote hazilingani.

Usichanganye bliichi na dawa ya choo yenye asidi, wala na kitu chenye amonia. Mchanganyiko huo hutoa gesi inayoweza kuua mtu katika chumba kidogo kilichofungwa. Weka chupa mahali penye giza na baridi, mbali na watoto, na usiitie dawa katika chupa ya soda. Kumbuka pia kwamba dawa hii hupoteza nguvu kadiri siku zinavyopita, hasa ikiachwa juani.

BESENI LA MIGUU

Turudi kwenye lile beseni la saluni. Mteja huketi, miguu ikatiwa katika maji ya vuguvugu yenye chumvi, na kifaa chenye elektrodi za chuma kikachovywa kando. Baada ya dakika chache maji huanza kugeuka. Huwa ya manjano, ya kijani, kisha ya kahawia iliyoiva. Povu huelea juu. Mhudumu humwonyesha mteja karatasi yenye rangi: hii imetoka kwenye ini, hii kwenye figo, hii kwenye viungo vya mwili. Mteja hushtuka, na huambiwa arudi mara kadhaa ili amalize sumu yote.

Tuikumbuke kanuni yetu. Kilichotiwa humo ni maji, chumvi na chuma. Kwenye anodi, chuma huliwa na umeme na kuingia majini kama ioni. Kwenye kathodi, mapovu ya haidrojeni hutoka na maji huwa na hali ya magadi. Viwili hivyo vikikutana hufanya tope la kijani, ambalo likipata oksijeni hugeuka kuwa kahawia. Tope hilo si kitu kingine ila kutu, ile ile iliyo kwenye bati la zamani. Povu nalo hutokana na mapovu ya gesi yakichanganyika na mafuta na sabuni iliyobaki kwenye ngozi.

Kuna jaribio rahisi. Mwombe mhudumu awashe kifaa ndani ya maji ya chumvi kabla hujatia miguu. Maji yatabadilika rangi vile vile. Watafiti wa Kanada walifanya jaribio la namna hiyo na kuchapisha matokeo yao mwaka 2012. Walipima maji ya beseni yakiwa na miguu na yasipokuwa nayo, na hata mkojo na nywele za waliojitolea, wasipate ushahidi kwamba kifaa kilitoa sumu mwilini. Kazi ya kuondoa sumu ni ya ini na figo, na nyayo haziwezi kushika nafasi yao.

Hasara hapa si pesa tu. Mtu mwenye ugonjwa wa sukari aghalabu hupoteza hisia miguuni. Maji ya moto yanaweza kumchoma asijue, na kidonda kidogo kinaweza kuishia kwa kukatwa mguu. Aliyewekewa kifaa cha kuendesha moyo hafai kabisa kukaribia beseni hilo. Na mgonjwa wa figo anayeacha kwenda kliniki kwa kuwa ameona "sumu" ikitoka kwa macho yake mwenyewe anapoteza wakati ambao hawezi kuurudisha.

GILASI MBILI

Hila ya pili ni ya wachuuzi wa mitambo ya kusafisha maji, na imejulikana katika nchi nyingi. Mchuuzi huweka gilasi mbili mezani, moja ya maji ya mfereji wako na nyingine ya maji yaliyopita katika mtambo wake. Huchovya kifaa cha umeme katika zote mbili. Yale ya mfereji huchafuka na kuwa kama maji ya mto wakati wa mvua, ilhali yale yake hubaki meupe. "Hiki ndicho wanachokunywa watoto wako," husema.

Hapa ndipo lile jambo la maji safi kabisa linapofaa. Maji ya mfereji yana madini ya kawaida kama kalsiamu, ambayo mengi hayana madhara yoyote. Madini hayo hupitisha umeme, umeme ukala chuma cha kifaa, na kutu ikaonekana. Maji ya mchuuzi yameondolewa madini, kwa hivyo umeme haupiti na chuma hakiliki. Chukua chumvi kidogo kwa ncha za vidole, utie katika gilasi yake, kisha umwombe awashe tena. Maji yake nayo yatageuka kahawia.

Jaribio hilo la gilasi haliwezi kuonyesha kama maji yana vijidudu vya kipindupindu au vya homa ya matumbo. Vijidudu havionekani kwa macho, na maji meupe kama kioo yanaweza kuvibeba. Ukiwa na shaka juu ya kisima au mfereji wako, mwone afisa wa afya ya umma wa eneo lako na uombe maji yapimwe katika maabara. Kabla ya majibu kufika, tia dawa ya maji mtungini, funika, uhesabu dakika 30, kisha uwape watoto wanywe.